Dakika nne na sekunde ishirini

Jumatatu, 15 Januari 2024

Mlima Kilimanjaro umekaa wazi tangu alfajiri, hata Mawenzi unaihesabu jino kwa jino. Mimi nimeshinda ndani ya chumba cha mitambo, feni inazunguka ikijisikia.

TV zinaganda. Si zote, wala si kwa pamoja. 112 imeganda, 114 ukuta wa pili inaendelea na taarifa ya habari. Baadaye 114 nayo, mtangazaji kabaki mdomo wazi. Ukigeuza chaneli ukarudi, inafufuka. Dada wa mapokezi ameshaikariri hiyo dawa, anawagawia wageni kwa simu. Mhudumu wa ghorofa ya pili anaifanya kabisa kabla ya kutandika kitanda.

Meneja kapita mlangoni, hakuingia. "Mangi, keshokutwa Taifa Stars na Moroko. Sitaki aibu." Akaenda zake. Aibu ya nani sasa.

Jumanne, 16 Januari

112 haina mgeni leo. Nimekaa kitandani, rimoti mkono huu, saa ya simu mkono ule. Chagua chaneli ya mpira, bonyeza saa, tulia. Picha safi. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Dakika nne na sekunde ishirini na tatu: kwisha. Rudia. Nne na ishirini na saba. Rudia. Nne na ishirini na moja. Haishuki chini ya nne na ishirini, haifiki nne na nusu.

Nikacheka peke yangu, mhudumu aliyekuwa anapita kanitazama vibaya. Namba hiyo naifahamu! 125 mara mbili, ongeza 10. Sekunde 260. Imo kwenye waraka wa IGMP toleo la pili, Novemba 1997, aliyeuandika ni Fenner. Kila baada ya sekunde 125 mmoja kwenye mtandao anatakiwa aulize: nani bado anaangalia nini? Ving'amuzi vinapewa sekunde 10 za kujibu. Swichi iko katikati, inachungulia majibu yanapopita na kuandika: mlango huu unataka kikundi hiki, yaani chaneli hii, mlango ule kile. Mlango ambao haujasikika kwa sekunde 260 unafutwa. Haina kinyongo, inahesabu tu.

Na hizo sekunde za juu, tatu, saba, moja? Hizo nazo zina maelezo. King'amuzi kikiingia kwenye chaneli kinajitangaza chenyewe bila kuulizwa, kisha kinarudia ndani ya sekunde 10, endapo tangazo la kwanza limepotea njiani. Saa ya swichi inaanza upya kwa lile la pili. Basi.

Kwa hiyo kujiunga kuko sawa. Kufuta kuko sawa. Kisichokuwepo ni swali lenyewe.

Jioni nimechomeka kompyuta kwenye swichi kuu na kufungua tcpdump nione kinachopita. Kujiunga, kuondoka, kujiunga, kuondoka. Swali hakuna, hata moja. Kumbe aliyekuwa anauliza miaka yote ni ile ruta iliyoungua Desemba, umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo. Hii tuliyoazimwa inawapeleka watu intaneti, basi. Mambo ya vikundi haiyajui. Ile ilikuwa na kazi mbili, na kazi ya pili haikuandikwa mahali popote.

Jumatano, 17 Januari, usiku sana

Nimetoka kidogo tu kwenda mjini. Narudi, nakuta meneja ameshaita fundi wake. Kijana mwepesi, soda mkononi, ameshamaliza. Amezima ule uchunguliaji kwenye swichi zote. TV zote zinawaka, hakuna kinachoganda, meneja meno nje.

Ni kweli hazigandi. Swichi isiyojua nani anataka nini inampa kila mtu kila kitu. Chaneli thelathini, kila moja megabiti nne hivi, zinasukumwa milango yote kwa mpigo. Mpaka printa ya mapokezi ilipokea maandalizi ya mechi. Ule waya wa zamani wa bustanini uwezo wake ni megabiti 100. Anayejua hesabu ajaze mwenyewe. Waifai ndiyo imekufa kabisa, maana kifaa cha waifai kinachopewa pakiti ya kundi huirusha kwa mwendo wa chini ili hata simu iliyo mbali iisikie, na wakati inajikongoja hakuna mwingine anayezungumza.

Saa kumi wakashuka wapanda mlima kutoka Marangu, vumbi hadi kwenye kope. Kila mmoja na cheti chake, kila mmoja anataka kurusha picha nyumbani. Mzungu wa 214 alinifuata hadi huku. Anasema njiani Horombo alirusha picha bila shida. Na ni kweli, intaneti ilipelekwa Horombo Agosti 2022, mita 3,720 juu. Akaniuliza huku nako tuko mita ngapi. Kama mia tisa, nikamjibu. Akaangalia simu, akaniangalia.

Moroko 3, sisi 0. Novatus wetu kala nyekundu dakika ya 70. TV hazikukatika, ila leo tungeshukuru zingekatika.

Alhamisi, 18 Januari

Nimeamka kabla ya meneja. Nimerudisha uchunguliaji. Halafu kwenye swichi kuu, mistari miwili: mwashe muulizaji, mpe anwani. Imekwisha. Wiki nzima ya lawama, mistari miwili.

Nikabaki naangalia tu. Swali linatoka kwenda 224.0.0.1, anwani ya wote walio kwenye waya. Kimya. Halafu majibu: sekunde 0.4. 1.9. 3.1, na papo hapo 3.2. Kimya kirefu. 6.6. 7.8. Wa mwisho 9.6, karibu mlango ufungwe. Swali linalofuata, mpangilio mwingine kabisa. Aliyekuwa wa mwisho sasa wa pili.

Huu ndio ufundi ninaoupenda kuliko wote kwenye kazi hii na sina wa kumwambia. Kila king'amuzi, kikisikia swali, kinajipigia kura: kinachagua muda wowote kati ya sifuri na 10, kinangoja, ndipo kinajibu. Hakuna aliyewapanga, hakuna orodha, hawajuani. Na hawagongani. Wangejibu wote papo hapo, muulizaji angezibwa masikio na swali lake mwenyewe.

Usiku nimeusoma tena waraka wa toleo la kwanza, RFC 1112. Agosti 1989, Steve Deering, Stanford. Kurasa chache, na sekunde 10 zimo tayari. Imo na adabu nyingine: ukiwa bado unangoja muda wako na ukasikia mwenzako amekwisha kujibu kwa kikundi hichohicho, futa jibu lako, nyamaza. Ruta haihitaji kujua mko wangapi. Inataka kujua kama yupo hata mmoja. Anayesema amewasemea wote.

Ila huku vyumbani hawanyamazi, wanajibu wote. Nilidhani tcpdump inanidanganya, kisha nikakumbuka: swichi inapeleka majibu upande wa muulizaji tu, haiyarudishi vyumbani, kwa hiyo 112 haisikii 114. Na ni makusudi. 114 ingeinyamazisha 112, swichi ingesema mlango wa 112 hauna mtu na kuufuta, mgeni akiwa ameketi mbele ya TV. Adabu ya 1989 ilitungwa wakati waya ni mmoja na kila mtu anamsikia kila mtu. Toleo la tatu, Oktoba 2002, waliifuta: kila mmoja ajisemee. Naionea huruma ile ya zamani, lakini wa 2002 walikuwa na haki.

Ijumaa, 19 Januari

Mgao wa umeme. Saa tatu umekwenda, saa nane umerudi. Swichi kuu iko kwenye betri ya akiba, haikutikisika. Swali kila sekunde 125 hata gizani, kwa vyumba ambavyo havina TV iliyowaka. Linauliza tu.

Jumamosi, 20 Januari

Nimepanda Uru kwa Mama. Migomba imekauka majani ya chini, Januari hii imechoma. Mfongo wetu wa maji bado unapita, mwembamba.

Kiburu, chai, maswali. "Hivi baba, kazi yako hasa ni nini? Watu wananiuliza kanisani nashindwa kuwajibu." Nikajaribu. Nikamwambia ni kama zamu ya maji. Mzee wa mfongo anapita kuuliza nani anayataka maji wiki hii. Anayeitikia anafunguliwa. Asiyeitikia maji yanampita, hata kama shamba lipo na mwenyewe yupo, amelala tu.

Akafikiri. "Na mzee mwenyewe asipopita?"

Basi wote mtafungiwa, na maji yapo.

"Kwa hiyo huko kwenu mzee alifariki Desemba, na hakuna aliyeuliza nani anashika nafasi yake."

Sina la kuongeza, Mama.

Kanipa mkungu wa ndizi nimpelekee yule dada wa mapokezi, ambaye hajawahi kumwona. Sijui nani amemwambia nini.

Jumapili, 21 Januari

Nina hasira, naandika huku nimesimama.

Stars na Zambia, saa mbili usiku. Kocha Amrouche amesimamishwa, benchi analo Hemed Suleiman, huyo wanayemwita Morocco. Baa ya bustanini imejaa, wapagazi, waongozaji, madereva, wageni wawili watatu. Dakika ya 11 Msuva! Viti vikaanguka. Kabla ya mapumziko Zambia wakabaki kumi. Mimi pembeni, soda yangu, sitazami mpira, natazama TV: tatu ukutani, zote safi. Nimejipongeza kimoyomoyo.

Dakika ya 86 na ushei, mgeni mmoja kwenye kona anamwomba mhudumu amwekee chaneli nyingine kwenye ile TV ya mwisho. Mhudumu, kwa heshima zote, anaigeuza. TV mbili zilizobaki zikaganda hapohapo.

Si baada ya dakika nne. Hapohapo.

Sitaandika niliyoitwa. Mtu mmoja kapanda juu ya meza kupiga kisanduku makofi. Na katikati ya makelele hayo ikasikika redio ya mlinzi kule getini: Daka, dakika ya 88, kichwa, moja moja. Goli la kututia shimoni, na watu hamsini mbele ya TV hawakuliona. Picha ilirudi yenyewe, Zambia wameshamaliza kushangilia.

Jumatatu, 22 Januari

Sikulala, lakini nimeipata.

Baani hakuna swichi ya maana. Kuna kisanduku cha milango mitano, kijinga, kisichojua chochote, TV zote tatu zimechomekwa hapo, na kisanduku kizima kinaingia kwenye mlango mmoja wa swichi kuu. Na kwenye mlango huo waliotufungia mitambo waliweka kile kipengele cha kumtoa mtu papo hapo: ukisikia "naondoka", kata, usiulize. Kwenye chumba chenye TV moja ni sawa, tena ni vizuri, chaneli zinabadilika haraka. Kwenye mlango wenye TV tatu nyuma yake ni uhuni. Mmoja kaaga, wote wamefungiwa nje.

Wale wawili hawakujua kwamba wamefutwa, na hakuna anayewaambia. Wangekaa gizani mpaka swali la kawaida lijalo, sekunde 125 ikiwa bahati mbaya, halafu tena mpaka sekunde 10 za kujifikiria kabla ya kujibu. Daka hakuhitaji hata nusu yake.

Kilichonisumbua zaidi: mbona wiki nzima wanageuza chaneli pale baani na haijawahi kutokea? Nimekaa na karatasi mpaka saa tisa. Jibu liko kwenye toleo la pili. Kile kisanduku kijinga kinamwaga kila kitu kila upande, kwa hiyo TV tatu za baa zinasikiana, na adabu ya Deering inafanya kazi: moja inajibu, mbili zinanyamaza. Na waraka unasema anayepaswa kuaga akiondoka ni yule aliyejibu mwisho. Wengine wanaruhusiwa kutoka kimyakimya. Kwa hiyo ukigeuza TV iliyonyamaza, hakuna linalotokea. Ukigeuza ile iliyosema kwa niaba ya wenzake, umeua zote. Na nani aliyesema ni ile kura ya sekunde sifuri hadi 10. Yaani jana, dakika moja au mbili kabla, TV ya kona ilichomoa muda mfupi kuliko wenzake. Ingechomoa mrefu tungeliona goli. Sikusema tungelizuia.

Nimekitoa kile kipengele kwenye mlango wa baa. Sasa anayeaga haaminiwi moja kwa moja: muulizaji anauliza kwa kikundi hicho tu, anangoja sekunde moja, anauliza tena, sekunde nyingine, asiposikia mtu ndipo anakata. Nimejaribu na mhudumu, geuza hii, geuza ile, geuza hii tena. Hazikatiki. Mhudumu anauliza kama amesamehewa. Hakuwa na kosa, nimemwambia, na leo nimemwambia mbele ya watu.

Jumanne, 23 Januari

Ruta ya zamani imerudi kutoka kwa fundi Arusha. Imepona. Meneja anataka ifungwe leoleo kwa sababu ameilipia. Nimeifunga.

Na mara moja swichi yangu ikanyamaza. Haijaharibika, ni sheria: wakiwa waulizaji wawili, mwenye anwani ndogo ndiye anayeuliza. Ruta ni .1, swichi ni .2. Swichi imekaa pembeni, inasikiliza, na isipomsikia mkubwa wake kwa sekunde 255 ndipo inashika kazi. Vizuri. Lakini ruta haina betri. Na mgao uko palepale.

Nikahesabu. Ruta ikizimika baada tu ya kuuliza, swichi inauliza sekunde ya 255. Ving'amuzi vinafutwa sekunde 260 baada ya jibu lao la mwisho. Sekunde tano za usalama, inaonekana inatosha. Ila haitoshi! Kile kilichojibu upesi safari iliyopita, tuseme sekunde ya kwanza, kinafutwa sekunde ya 261. Safari hii kura yake ikiangukia 9, kinajibu sekunde ya 264. Sekunde tatu picha hamna. Nikachora mraba, 10 kwa 10, jibu la zamani upande huu, jipya upande ule. Eneo la hatari ni pembetatu kwenye kona, 5 kwa 5. Nusu ya 25, kati ya 100. Moja ya nane. Vyumba arobaini vikiwa vinaangalia, vitano vinapepesa. Mgeni anayepepesewa wakati wa penalti hatataka kusikia habari ya pembetatu.

Nimeinyang'anya ruta swali. Anwani ya .1 ndiyo lango la nyumba nzima, siwezi kuihamisha, basi isiulize. Muulizaji ni mmoja, swichi, kwa sababu yeye ndiye mwenye betri. Kuna watakaosema wawili ni salama kuliko mmoja. Waje wakae hapa Januari.

Na nimeandika. Karatasi nyeupe, kalamu nene, imebandikwa mlangoni mwa kabati: SWICHI HII NDIYO INAYOULIZA. USIIZIME. USIITOE KWENYE BETRI. Meneja kaisoma, akauliza inauliza nini. Nikamwambia, kwa kifupi. Kasema sawa, ila andika kwa herufi ndogo, wageni wanapita.

Jumatano, 24 Januari

Mechi ya Kongo ni saa tano usiku, kule Korhogo. Tunahitaji kushinda. Mara yetu ya tatu kwenye mashindano haya ya AFCON, 1980, 2019 na sasa, na hatujashinda mechi hata moja. Mama kapiga simu kuuliza kama mzee wa mfongo yupo kazini. Yupo, Mama. Kacheka mpaka simu ikakata.

Dada wa mapokezi kasema ndizi zilikuwa nzuri na amshukuruje Mama. Nimemwambia apande Uru amshukuru mwenyewe. Sijui nimetoa wapi ujasiri huo. Kasema Jumapili ana zamu. Jumapili ile nyingine hana, kaongeza.

Naenda kukagua betri.

Alhamisi, 25 Januari, saa saba na nusu usiku

Stars 0, Kongo 0. Pointi mbili kundi zima, mkiani, tumetoka. Umeme ulikatika kipindi cha pili, jenereta ikadaka, ving'amuzi vikawaka upya na kujitangaza vyenyewe, kila kimoja kwa wakati wake. Swichi haikukosa swali hata moja, rekodi ninayo. TV zote zilikuwa hai mpaka filimbi ya mwisho, na betri imebaki na asilimia 61.